Kiraka

Garland alikuwa na miaka kumi na tisa
na Chevelle ya mwaka sitini na tisa,
kijani kama tango la kwenye siki,
mbele silinda nane, nyuma deni la benki.
Gia zake zilijibadili zenyewe, mkono wake kando ya usukani.
"Hili gari la mchungaji," alisema,
na siku hiyohiyo akaanza kulifungua.

Mimi nilikuwa mshika tochi.
Birdie, mulika hapa.
Birdie, si machoni mwangu. Hapa.
Muncie, Indiana, Januari, banda halina joto,
pumzi zetu zikitoka kama ekzosi mbili,
yangu ndiyo ile nyembamba.

Kwanza kabureta, ya midomo minne:
ikanywa petroli hadi Garland akaacha kula mchana.
Kisha kemshafti, na injini ikapata kigugumizi,
ikisimama penye taa nyekundu inatetema
kama inayotaka kutukana lakini mama yupo.
Kisha mabomba. Bwana Pruitt wa jirani
aliyasikia akiwa bafuni, akatujia na taulo.
Boneti tukaitoboa. Makalio tukayainua.
Mwezi Juni tukapaka rangi ya boga, kwa mkono,
na mbu watatu wakakaukia humo
tukawaacha.

Lakini gia.

Baba alikuwa zamu ya usiku, kiwanda cha gia,
na kazi hakuizungumzia, wala kingine chochote.
Bandani hajawahi kutia mguu.
Asubuhi moja akarudi na gia boksi kuukuu, la gia nne,
amelipakata kama mtoto aliyesinzia njiani.
Akaliweka chini. Akavua koti.
"Toboeni sakafu."

Garland akachora duara kwa chaki.
Baba akashika msumeno wa umeme.
Mimi tochi.
Cheche zikaruka, moja ikampenya mkononi mwa shati,
na baba yangu, mzee wa kanisa, akacheza
ngoma ambayo hakuna aliyemfundisha,
kiwiko juu, goti juu, msumeno bado unanguruma.
Nikacheka. Mwanga ukayumba.
Duara likaenda upogo, likawa kiazi.

Akaliangalia lile tundu muda mrefu.
Nikangoja kofi.
Akacheka, mdomo wazi kabisa,
ndipo nilipojua kwamba ana pengo
nyuma, upande wa kushoto.

Msimu ule, barabara iliyonyooka katikati ya mahindi:
moja, mbili, tatu,
na ya nne ikiingia mahindi yanakuwa ukuta
na upepo unapanda kutoka sakafuni
kupitia pale tulipokosea,
unanipuliza vifundo vya miguu.

Liliuzwa, bila shaka. Mtoto alizaliwa, kiwanda kikafungwa,
baba akafungwa ndani ya suti yake moja.
Garland yuko Arizona. Ukimpigia simu, piga kelele:
masikio yake yalibaki kwenye yale mabomba.

Jumamosi iliyopita, uwanja wa maonyesho,
nikalikuta. Kijani.
Boneti nzima. Makalio yameshushwa, adabu tele.
Mwenyewe, Bwana Kessler, ana kitambaa mfukoni
na hati inayotaja kila nati.
"Limerudi kama lilivyozaliwa," akaniambia.
"Wahuni fulani walilichezea sana."
Sikubisha. Nilikuwa najua majina yao.

Nikaomba kuona chini ya zulia.
Anajivunia uchomeleaji wake; akafunua.
Kazi safi, sina la kusema:
bati jipya, mshono laini, rangi juu yake.
Ila kiraka hakina umbo lake.
Kiraka hulifuata tundu.
Kiazi kilekile, upande mmoja kimenenepa
pale cheche ilipopita.

Nikawasha tochi ya simu.
"Unaona walivyoharibu?" akauliza.
Naona, nikasema,
na mwanga ukaanza kuyumba.